Vitabu vya Kirusi kwenye Mifuko ya Wachina

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni mbele ya wasomaji wenzangu. Waliokosa kufika wameniomba maandishi yake, nami nayaweka yote kama nilivyosema, pamoja na mizaha iliyokosa mtu wa kuicheka. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, na nyie vijana mliowahi viti vya karibu na mlango, habari za jioni.

Mwezi Mei 1935, katika mji wa Changting, mkoa wa Fujian, kusini mwa China, mfungwa mmoja alikuwa akiandika. Umri wake miaka 36, mapafu yameliwa na kifua kikuu, na alijua kabisa kwamba hapo hatoki mzima. Jina lake Qu Qiubai. Miaka minane tu kabla ya hapo, mwaka 1927, ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa Chama cha Kikomunisti cha China. Sasa yuko mikononi mwa majeshi ya Chiang Kai-shek, adui mkubwa wa wakomunisti.

Niwaulize: mtu kama huyo akipata karatasi na wino, anaandika nini? Wosia wa kimapinduzi? Laana kwa adui? Kauli ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi?

Qu Qiubai aliandika maungamo, akayaita Maneno ya Ziada. Humo anasema siasa haikuwa kazi yake, kwamba alijikuta kiongozi kwa sababu historia ilimdhania mtu mwingine, na kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa mtu wa vitabu tu. Halafu, kwenye mistari ya mwisho kabisa, anataja vitabu vinavyostahili kusomwa tena. Ni sita. Vitatu vya Wachina wenzake. Na vitatu vya Warusi: Klim Samgin cha Gorky, Rudin cha Turgenev, Anna Karenina cha Tolstoy. Baada ya orodha hiyo anaongeza kwamba tofu ya China, ile jibini ya soya, ni chakula kitamu kuliko vyote duniani. Kisha: kwaherini.

Tarehe 18 Juni wakampiga risasi.

Jamani, mimi nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado yananisumbua. Tofu naielewa. Mtu akikaribia kufa hukumbuka chakula cha kwao. Wa kwetu angetaja ugali na dagaa. Lakini Rudin? Kiongozi wa wakomunisti wa China, mlangoni mwa kifo, anamkumbuka Rudin kwa lipi?

Rudin ni kijana wa riwaya anayejua kusema. Akifungua mdomo sebuleni, hata anayemchukia anasogeza kiti. Binti wa nyumba anampenda kwa maneno yale, anamfuata alfajiri kwenye bwawa lililokauka, anamwambia mama yangu amekataa, tufanye nini? Na yule bingwa wa kusema anajibu kwamba hakuna la kufanya, tukubali tu. Warusi walikuwa na jina la watu wa namna hiyo. Waliwaita watu wa ziada: wana elimu, wana uchungu na nchi yao, lakini nchi haina mahali pa kuwaweka. Turgenev anamuua Rudin mjini Paris mwaka 1848, juu ya kizuizi cha barabarani, bendera nyekundu mkono mmoja, upanga butu mkono wa pili.

Qu Qiubai alipokuwa Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliandika makala kuhusu mtu wa ziada wa China. Alikuwa akijizungumzia mwenyewe. Na miaka kumi na tatu au kumi na nne baadaye, gerezani, neno ni lile lile: ziada.

Ndilo jambo ninalotaka kuwaambia leo. Watu hupenda kusema kwamba fasihi ya Kirusi ilileta mapinduzi China. Mimi siamini. Mapinduzi ya China yaliletwa na njaa, na kodi za wenye mashamba, na majeshi ya Japani, na serikali iliyooza. Riwaya haijawahi kumvua mtu kofia ya ufalme. Riwaya za Kirusi ziliwapa wasomaji wa China majina. Mtu anaishi na jambo miaka na miaka, linamwasha, hajui aliite nini, kisha anafungua kitabu cha mgeni aliyekufa zamani na kulikuta jambo lake limeandikwa pale, lina jina, lina koti na kofia. Na mtu akishapata jina la kinachomsumbua, hutajua ataenda nalo wapi. Hilo la pili msilisahau. Hutajua ataenda nalo wapi.

Turudi nyuma. Mwaka 1903 riwaya ya Pushkin, ile ya binti wa kapteni, ilitokea kwa Kichina. Haikutafsiriwa kutoka Kirusi. Ilitoka Kijapani. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi: kitabu kinatoka Petersburg, kinapita kwa Waingereza au Wajerumani, kinalala Tokyo, ndipo kinafika Shanghai, kimechoka na kimepoteza baadhi ya mizigo. Hata hivyo wasomaji walikitambua. Kwa nini? Kwa sababu Urusi ile na China ile zilifanana kama mapacha waliolelewa nyumba mbili. Nchi pana isiyo na mwisho. Mfalme juu, wakulima chini wasiohesabika, na katikati kundi la makarani wanaonyenyekea juu na kukanyaga chini. Msomaji wa Shanghai akisoma riwaya za Kiingereza alikutana na watu waliokuwa na wasiwasi wa mahari na urithi. Akisoma za Kirusi alikutana na baba yake mdogo.

Sasa niwaletee mtu wa pili, na huyu nitakaa naye kidogo.

Lu Xun alizaliwa Shaoxing mwaka 1881. Alikwenda Japani kusomea udaktari, chuo cha Sendai. Wakati ule Japani na Urusi zimetoka kupigana katika ardhi ya Manchuria, yaani ndani ya China yenyewe. Maajabu ya mambo hayo! Mafahali wawili wanapigania uwanja wa mtu wa tatu. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba vipindi vikiisha mapema, mwalimu aliwaonyesha wanafunzi picha za vita kwa mashine ya taa. Siku moja ikatokea picha ya Mchina aliyefungwa kamba. Anatuhumiwa kuwapelelezea Warusi, na Wajapani wanataka kumkata kichwa. Pembeni wamesimama Wachina wengine, wenye afya, miili imejengeka, wanatazama. Nyuso zao tupu. Wamekuja kuona sinema.

Lu Xun akaacha udaktari. Alijiambia: nikiwatibu hawa wakapona, wataendelea kusimama hivi hivi, wakiwa na afya nzuri. Kinachotakiwa kutibiwa ni kile kilicho nyuma ya uso.

Basi mwaka 1909, akiwa Tokyo na mdogo wake Zhou Zuoren, wakatoa juzuu mbili za hadithi za kigeni kwa Kichina. Humo wamo Chekhov, Garshin, Andreyev. Walikuwa na imani kubwa. Rafiki mmoja akatoa fedha. Juzuu ya kwanza wakachapa nakala 1,000, ya pili nakala 500. Mnajua baada ya nusu mwaka Tokyo waliuza ngapi? Juzuu ya kwanza nakala 21. Juzuu ya pili 20. Na tofauti ya ile nakala moja ina maelezo yake, ameyaandika Lu Xun mwenyewe: rafiki yao alishuku kwamba mwenye duka anapandisha bei kinyemela, akaenda kununua moja kujaribu. Akakuta bei ni ile ile. Akaridhika, ya pili hakuijaribu.

(Wachapishaji mliomo humu, naona mnacheka kwa uchungu.)

Kwa hiyo wasomaji ni ishirini. Ukumbi huu una watu wengi kuliko hao. Lakini yule aliyetafsiri alikuwa amekwisha kusoma. Miaka tisa baadaye, mwaka 1918, katika jarida la Vijana Wapya, akatoa hadithi yake, na jina lake akaliazima kwa Gogol bila kuficha: Shajara ya Mwendawazimu.

Gogol wengi hapa mnamjua. Tamthilia yake mmeisoma kwa Kiswahili, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na sidhani kama kuna aliyeona shida kuelewa mkaguzi ni nani na mji ule uko wapi. Katika Shajara yake ya mwaka 1835, kuna karani mdogo wa Petersburg ambaye kazi yake ni kumchongea mkubwa wake kalamu za manyoya. Anampenda binti wa mkubwa. Anadharauliwa mpaka akili inaruka, anajiona yeye ni mfalme wa Hispania, na mwisho wanampeleka kwenye kipigo na maji ya baridi kichwani. Pale analia: mama, mwokoe mwanao maskini.

Mwendawazimu wa Lu Xun naye anaandika shajara. Lakini yeye amefungua vitabu vya historia ya China usiku, vitabu vilivyojaa maneno ya utu na wema na maadili, na akakodoa macho mpaka akaona maandishi mengine katikati ya mistari. Kila ukurasa umeandikwa: kula watu. Anagundua kwamba kijiji kizima kinakula watu, kaka yake anakula watu, na yeye mwenyewe pengine amekwisha kulishwa nyama ya dada yake. Mstari wa mwisho unasema: waokoeni watoto.

Mnaona kilichotokea njiani? Mrusi analia, mama niokoe. Mchina anageuza kilio, anasema waokoeni watoto. Karani wa Gogol anajililia. Mwendawazimu wa Lu Xun anawalilia wasiozaliwa bado. Kitabu kilivuka mpaka kikiwa machozi ya mtu mmoja, kikafika upande wa pili kikiwa mashtaka juu ya taifa. Gogol, ambaye mwishoni mwa maisha yake alikuwa mtu wa kanisa na wa mfalme wake, angelikiona asingekitambua.

Baadaye sana, mwaka 1932, Lu Xun aliandika kwamba fasihi ya Kirusi ilikuwa mwalimu na rafiki. Kutoka kwayo, alisema, tulifahamu jambo kubwa: kwamba duniani kuna watu wa namna mbili, wanaokandamiza na wanaokandamizwa. Mtu anaweza kusema, ala, hilo nalo linahitaji riwaya? Mkulima wa Hunan hakulijua? Alilijua mgongoni. Lakini aliambiwa tangu utotoni kwamba ndiyo mbingu zilivyopanga.

Na Qu Qiubai yule wa gerezani, alikipataje Kirusi chenyewe? Hapa pana kichekesho. Familia yao ilifilisika vibaya. Mama yake alijiua mwaka 1916 kwa sababu ya madeni. Kijana akafika Beijing, akataka Chuo Kikuu, ada hana. Palikuwa na shule moja ya serikali ya kufundisha Kirusi, kwa ajili ya kupata makarani wa mambo ya nje na wa reli. Haina ada, na ukimaliza unaahidiwa kazi. Akaingia. Darasani wakafundishwa kwa vitabu gani? Pushkin, Tolstoy, Turgenev, Chekhov, kwa kuwa huwezi kumfundisha mtu Kirusi kwa ratiba ya treni peke yake. Serikali ilitaka makarani. Ikapata watafsiri, na katika hao mmoja akaja kuwa kiongozi wa chama kilichoazimia kuiangusha.

Mwaka 1921 akiwa Urusi kama mwandishi wa gazeti la Beijing, Qu alifika mpaka Yasnaya Polyana, nyumbani kwa Tolstoy. Miaka kumi baadaye, anasakwa Shanghai, alijificha mara kadhaa nyumbani kwa Lu Xun, wakizungumza tafsiri usiku kucha. Alipouawa, Lu Xun alikuwa mgonjwa tayari. Akaanza kukusanya tafsiri za rafiki yake, akapanga kurasa mwenyewe, akazituma Japani zikachapwe kwa karatasi nzuri. Juzuu zilikuwa mbili. Ya kwanza aliiona. Tarehe 19 Oktoba 1936 akafa, huku juu ya meza yake kukiwa na kazi ambayo haijaisha: sehemu ya pili ya Roho Zilizokufa ya Gogol.

Ndugu zangu, mpaka hapo mambo ni mepesi. Vitabu viko upande wa waasi, waasi wanavificha, serikali inavikamata. Ugumu unaanza waasi wanaposhinda.

Baada ya 1949 Urusi ya Kisovieti ikawa kaka mkubwa. Vitabu vyake sasa vinaingia kwa mlango wa mbele, kwa zulia. Kuna kimoja mmekisikia, Jinsi Chuma Kilivyofuliwa cha Ostrovsky, ambacho Mei Yi alikuwa amekwisha kukitafsiri kutoka Kiingereza na kukitoa Shanghai mwaka 1942, chini ya pua ya Wajapani. Shujaa wake ni Pavel Korchagin, kijana wa jikoni anayekuwa askari wa mapinduzi, anapofuka, anapooza, na bado anaandika. Vijana wa China walikariri ile sehemu inayosema uhai ni kitu cha thamani kuliko vyote, na mtu hupewa mara moja tu, aishi asije akajuta. Kizazi kizima kilikariri. Chama kilifurahi.

Na mwaka 1955 umoja wa vijana wa chama ukawahimiza vijana wasome kitabu kingine cha Kisovieti, cha mwanamama Galina Nikolayeva, kuhusu mtaalamu wa kilimo aitwaye Nastya. Binti huyu anafika kwenye kituo cha matrekta, anakuta uzembe, anakataa kunyamaza. Kitabu kizuri, chenye maadili. Kisomeni, vijana! Muwe kama Nastya!

Haya. Kijana mmoja aitwaye Wang Meng akasoma. Alikuwa hajafikisha miaka 22. Mwezi Septemba 1956 akachapisha hadithi katika jarida la Fasihi ya Umma. Mhusika wake, Lin Zhen, ni mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa ofisi ya chama ya wilaya. Anaripoti kazini siku ya kwanza, na mfukoni mwake kuna nini? Kitabu cha Nikolayeva. Amekuja kuwa Nastya.

Wanamtuma kwenye kiwanda cha magunia. Anamkuta mkurugenzi, saa za kazi, anacheza sataranji. Wafanyakazi wamelalamika, barua zimeandikwa, mambo hayaendi. Anarudi ofisini na moto wake, anamweleza naibu mkuu wa idara, Liu Shiwu. Na huyu Liu, jamani, ndiye mtu wa kumtazama. Si mwizi, si mjinga. Anajua kila kitu. Zamani alikuwa mpiganaji, na usiku husoma riwaya kwa mapenzi. Lakini ana kauli yake moja ya kufungia kila mjadala: ndivyo mambo yalivyo.

Ndivyo mambo yalivyo. Nani hapa hajawahi kukaa mbele ya meza ya Liu Shiwu? Umepeleka faili mara tatu, amekukaribisha chai, amekuelewa kabisa, ameguna, na faili limebaki pale pale chini ya gilasi. Mimi nilikwenda ofisi moja miezi saba. Sitaitaja. Mzee yule alikuwa mtu mzuri sana, alinisimulia hata habari za wajukuu wake.

Hadithi ya Wang Meng ilizua kelele nchi nzima. Mao mwenyewe aliitetea mwanzoni mwa 1957, akisema urasimu upo hata Beijing. Miezi michache baadaye upepo ukageuka, na Wang Meng akabandikwa jina la mrengo wa kulia, yaani adui wa chama. Mwaka 1963 akaenda Xinjiang, mbali magharibi mwa China, akakaa huko miaka 16, akajifunza Kiuyghur. Mwenzake Liu Binyan, mwandishi wa habari aliyejua Kirusi na aliyejifunza uandishi wa kuchokonoa kutoka kwa Ovechkin wa Urusi, naye akabandikwa jina hilo hilo.

Kosa lao lilikuwa nini? Waliambiwa wasome kitabu, wakakisoma. Waliambiwa wawe kama Nastya, wakawa. Wakubwa walidhani kitabu ni barua ya agizo. Wao walitaka Nastya apige vita uzembe wa kijiji fulani cha mbali, huko Urusi. Hawakutarajia ashuke kwenye treni Beijing na kubisha mlango wa ofisi.

Sasa sikieni la vitabu vya njano.

Mwaka 1960 Moscow na Beijing wakagombana, wataalamu wa Kisovieti wakaondolewa. China ikaanza kuwaita Warusi wasaliti wa mapinduzi. Lakini ili umkosoe msaliti, si lazima ujue anasema nini? Basi wakatafsiri maandishi mapya ya Moscow kwa ajili ya viongozi na wataalamu tu. Majalada ya karatasi ya njano, bila urembo, na maelezo kwamba ni ya matumizi ya ndani. Nakala chache. Mwaka 1963 peke yake wakatoa Myeyuko wa Barafu cha Ehrenburg, Tiketi ya Kwenda Nyotani cha Aksyonov, na Siku Moja ya Ivan Denisovich cha Solzhenitsyn, ambacho kwao kilikuwa hakijatimiza hata mwaka tangu kitoke jaridani. Hadithi ya mfungwa wa kambi ya Stalin, kwa Kichina, kwa hisani ya chama, ili kikosolewe.

Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yakaanza. Walinzi Wekundu, vijana wa Mao, wakavamia nyumba za viongozi na maktaba, wakachoma, wakapora. Na kijana akipora, huchungulia. Vitabu vya njano vikatoka kabatini. Vikapelekwa vijijini kwenye mizigo ya vijana wa mjini, mamilioni kwa mamilioni yao, waliotumwa kufundishwa na wakulima. Kitabu kimoja kinazunguka kambi nzima. Unapewa usiku mmoja tu, kesho alfajiri mwenzako anakifuata. Wengine wakawa wanakinakili kwa mkono, daftarini, kibatari kinafuka, huyu anaandika akichoka yule anapokea kalamu.

Hebu jiweke pale. Una miaka 19. Mchana umebeba mavi ya nguruwe kwenye ndoo mbili. Umeambiwa unaishi katika wakati bora kuliko wote wa historia ya mwanadamu. Usiku unasoma habari za Ivan Denisovich, namna anavyoficha kipande cha mkate ndani ya godoro na kukishonea. Wala hakuna anayekufafanulia. Utaelewa nini?

Kati ya vijana waliosomeshwa na vitabu hivyo vya njano walitoka washairi. Bei Dao, ambaye alikuwa mfanyakazi wa ujenzi, na mwenzake Mang Ke, Desemba 1978 walianzisha Beijing jarida la kujichapia, Leo, na kulibandika ukutani watu wasome. Humo lilikuwamo shairi la Bei Dao lenye kauli iliyosambaa kama moto wa kifuu: mimi siamini.

Na nyongeza ndogo, kwa sababu inanifurahisha. Visiwa vya Gulag, kitabu cha Solzhenitsyn juu ya kambi za wafungwa, kilipotoka kwa Kichina mwaka 1982, pia kwa matumizi ya ndani, kilitolewa na mchapishaji wa Wizara ya Usalama wa Umma. Polisi.

Najua mmoja wenu ameshaandaa swali: kwa hiyo vitabu vya Kirusi viliwafanya Wachina wapenda uhuru? Ngoja. Katika kizazi hicho hicho, huko Shaanxi kwenye mapango ya udongo, alikuwapo kijana mwingine wa mjini aliyesoma Nini Kifanyike? cha Chernyshevsky. Kitabu hicho kina mtu aitwaye Rakhmetov, mwanamapinduzi anayelala juu ya misumari ili kuukomaza mwili. Kijana yule akaondoa matandiko, akalala kwenye kitanda kitupu cha udongo, na mvua au theluji ikinyesha akatoka nje kutembea. Amesimulia haya mwenyewe. Jina lake Xi Jinping, na mnajua yuko wapi leo.

Kwa hiyo kitabu cha Kirusi kimoja kilitoa mtu anayesema siamini, na kingine kikatoa mtu aliyejifunza kutotetereka. Rafu moja hiyo!

Na mwingine akasoma Jinsi Chuma Kilivyofuliwa, kile kile cha kukariri, na akaondoka na kitu ambacho hakikupangwa kabisa. Liu Xiaofeng, mwanafalsafa, aliandika mwaka 1996 kwamba alipokisoma akiwa kijana, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, aliyemkaa moyoni hakuwa Pavel. Ni Tonya, yule binti wa msimamizi wa msitu, mpenzi wa kwanza, ambaye Pavel anamwacha kwa sababu si wa tabaka lake. Kurasa mia kadhaa za chuma na moto, na msomaji amebaki na gauni la binti kando ya mto.

Nimalize kwa mzee mmoja wa Shanghai.

Ba Jin alizaliwa Chengdu mwaka 1904, katika nyumba kubwa ya kitajiri aliyoichukia. Alipokuwa na miaka kama 15 alisoma wito kwa vijana wa Kropotkin, Mrusi aliyepinga serikali za kila aina, akalia. Hata jina lake la uandishi, silabi ya mwisho, hiyo jin, ameichukua kwenye mkia wa jina Kropotkin kwa Kichina. Riwaya yake Familia ya miaka ya 1930 ilifanya vijana wengi watoroke ndoa za kupangwa. Kwenye Mapinduzi ya Utamaduni wakamdhalilisha hadharani, wakamfungia kwenye zizi, kama walivyoita vile vyumba. Mkewe Xiao Shan, ambaye naye alitafsiri Turgenev na Pushkin, aliugua saratani, akacheleweshewa matibabu, akafa mwaka 1972.

Mzee akarudishwa nyumbani. Kuandika ya kwake asahau; akaambiwa anaweza kutafsiri. Akachukua kumbukumbu za Herzen, Mrusi wa karne ya 19 aliyeondoka kwao asirudi tena, akaandika habari za maisha yake akiwa ughaibuni. Kitabu kikubwa mno. Ba Jin amepita miaka 70. Hakuna mchapishaji anayekisubiri, hakuna aliyemwomba. Kila siku akawa anatafsiri herufi mia kadhaa tu. Alieleza baadaye kwamba alijiona kama anatembea na Herzen katika usiku wa giza wa Urusi, na jinsi Herzen alivyomlaani mfalme Nikolai wa Kwanza, ndivyo naye alivyokuwa akiwalaani wale waliokuwa wakitawala Beijing. Kimya kimya, mezani, kwa kalamu, na mtu akichungulia dirishani anamwona mzee anatafsiri.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Zilizobaki hakuziweza, nguvu zilikuwa zimekwisha. Mtafsiri mwingine, Zang Zhonglun, alipokea pale alipoachia, akaendelea.